Enkoda kwenye Raspberry Pi: mwachie kerneli kazi

Kwa kitufe cha kuzungusha cha kupandisha na kushusha sauti, moduli ya KY-040, ambayo ni enkoda (kifaa kinachotambua umezungusha upande gani na kiasi gani), inatosha kabisa. Ina pini tano: CLK na DT (za kuzungusha), SW (ya kubonyeza), + (umeme) na GND (ardhi). Inayohitaji umakini ni hiyo ya +. Maelekezo mengi yameandikwa kwa ajili ya Arduino, yanakwambia uipe volti 5. Kwenye Pi usithubutu. Moduli ina rezista zinazounganisha CLK na DT na +, kwa hiyo volti 5 zitafika kwenye GPIO (pini za Pi za kupokea na kutoa ishara), na GPIO za Pi zinastahimili 3.3 tu. Chomeka + kwenye pini namba 1, GND namba 6. Mimi huweka CLK kwenye GPIO 17, DT kwenye GPIO 18, SW kwenye GPIO 27, kwa sababu kwenye ubao zinafuatana: ni pini namba 11, 12 na 13.

Sasa programu. Wengi hukimbilia kuandika kitanzi cha Python kinachosoma pini bila kupumzika. Ndani ya enkoda kuna swichi mbili, za CLK na DT, zinazofunga kwa kupishana, na ipi imetangulia ndiyo inayoonyesha umezungusha upande gani. Chuma kikigusana hutetemeka kidogo. Programu ikichelewa kidogo tu, unapunguza sauti, yenyewe inapanda! Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi wa Pi, ina kiendeshi chake cha kazi hii, na hakichoshi prosesa. Fungua /boot/firmware/config.txt (matoleo ya zamani ni /boot/config.txt), ongeza:

dtoverlay=rotary-encoder,pin_a=17,pin_b=18,relative_axis=1
dtoverlay=gpio-key,gpio=27,keycode=28

Mstari wa pili ni wa kubonyeza. 28 ni Enter. Washa upya, endesha evtest (programu inayoonyesha kinachotoka kwenye vitufe na vifaa kama hivi), chagua kifaa, kisha zungusha taratibu. Utaona REL_X, jina la mzunguko huo, ikitoa 1 upande mmoja na -1 upande mwingine. Ikija kinyume na unavyotaka, badilishana namba za pin_a na pin_b, waya usiziguse. Ikiwa inakubidi uzungushe "tiki" mbili ndipo namba moja itokee, enkoda yako ni ya aina nyingine: ongeza steps-per-period=2 kwenye mstari wa kwanza.

Bado inarukaruka? Weka kapasita ya nanofaradi 10 kati ya CLK na GND, na nyingine kati ya DT na GND, karibu na moduli yenyewe.