Maswali ya Wasomaji: Waranti ya Nyongeza ya Gari

SWALI: Ninakusudia kununua gari la miaka miwili lililokwisha kutembea kilomita 48,000. Waranti ya kiwandani ni ya miaka mitatu au kilomita 100,000, kwa hiyo imebaki ya mwaka mmoja. Muuzaji ananishawishi nilipie waranti ya nyongeza ya miezi 36 tangu siku ya kusaini, au mpaka mita isome kilomita 120,000, na anasema inagharamia “kila kitu”. Yuko tayari kuijumlisha kwenye mkopo wa gari, lakini anataka jibu kabla hajanikabidhi ufunguo. Mimi huendesha wastani wa kilomita 2,500 kwa mwezi. Je, nikubali?

JIBU: Usikubali kwa sasa. Sisemi kwamba waranti ya nyongeza ni kitu kibaya, kwani wako watu ambao imewaepusha na gharama ya giaboksi nzima. Nasema tu kwamba hiyo uliyotajiwa bado hujaijua, na hesabu ya kwanza inaonyesha kuwa ni fupi kuliko inavyonadiwa.

Kwa mwendo wako wa kilomita 2,500 kwa mwezi, gari litatoka 48,000 hadi 120,000 kabla miezi 29 haijatimia. Mkataba unakoma kwa kikomo kitakachofikiwa kwanza, kwa hiyo ile miezi saba ya mwisho kati ya 36 hutaiona. Katika miezi 29 inayobaki, 12 ya mwanzo tayari iko chini ya waranti ya kiwandani, ambayo wewe huilipii chochote, na mwisho wa mwaka huo mita itakuwa karibu 78,000 tu. Kinachobaki ni ulinzi wa miezi 17 hivi. Chukua bei uliyopewa, uongeze riba itakayotozwa juu yake kwa muda wote wa mkopo, kisha ugawanye jumla kwa 17 badala ya 36. Hiyo ndiyo bei unayopaswa kuipima. Muulize muuzaji kama kuna mkataba unaoanza siku ile waranti ya kiwandani inapokoma, kwa sababu watengenezaji wengi huruhusu nyongeza inunuliwe wakati wowote ilimradi waranti ya mwanzo bado iko hai. Kama kwa gari lako ni hivyo, haraka anayokutia haina msingi.

Kuhusu “kila kitu”, mikataba hii huandikwa kwa namna mbili. Mmoja huorodhesha vifaa vinavyogharamiwa, na kisichotajwa hakimo. Mwingine huorodhesha visivyogharamiwa, na kilichobaki chote kimo. Huu wa pili ni bora zaidi, na kwa kawaida ni ghali zaidi, lakini hata huo huacha nje breki pedi, tairi, balbu, vichujio, oili, mara nyingi pia diski ya klachi na betri ya kuwashia gari. Omba nakala ya mkataba wenyewe, si kipeperushi chenye picha, na uanzie kuusoma kwenye ukurasa wa visivyogharamiwa.

Jambo ninalokusihi ulisome mara mbili ni maana ambayo mkataba unaipa hitilafu. Mikataba mingi hulipia kifaa kilichovunjika au kilichokoma kufanya kazi kwa ghafla, wala hailipii kifaa kilichochakaa polepole. Injini iliyoanza kunywa oili kwa sababu ringi za pistoni zimelika bado inawaka, na gari bado linatembea. Mwenye gari anaona injini inayokufa, lakini anayeshughulikia madai anaona injini inayofanya kazi. Giaboksi inayochelewa kuingiza gia iko katika hali hiyohiyo. Mvutano huu huwaumiza wenye magari kwa sababu gari linapozeeka, aghalabu halivunjiki siku moja, bali hulika kidogo kidogo, na nyongeza huanza kuhitajika katika umri huohuo. Iko mikataba inayokubali kulipia uchakavu mpaka kilomita fulani. Kama wako haukubali, ujue kwamba unanunua kinga dhidi ya ajali za ndani ya mashine tu, na bei ilingane na hilo.

Linalofanana na hilo ni madhara yanayotokana na kifaa kisichogharamiwa. Taiming belti hubadilishwa kwa ratiba, kwa hiyo kwa kawaida haimo katika waranti. Lakini ikikatika, katika injini nyingi pistoni hugonga valvu na injini nzima huharibika. Mkataba ukisema kwamba haulipii uharibifu uliosababishwa na kifaa kisichomo, gharama ya injini hiyo ni yako. Rejeta ikivuja nawe ukaendelea kuendesha huku mshale wa joto uko kwenye alama nyekundu, madai ya silinda hedi iliyopinda yatakataliwa vilevile, na hapo, kwa kweli, watakuwa na hoja.

Baada ya hapo, tafuta jina la atakayelipa. Muuzaji wa gari mara nyingi ni wakala tu. Nyuma yake anaweza kuwapo mtengenezaji wa gari, kampuni ya bima, au kampuni ya kusimamia mikataba ambayo haina bima nyuma yake, na hii ya mwisho ikifilisika, mkataba wako hufa nayo hata kama umelipia miaka yote. Mimi nisingesaini mkataba usiotaja waziwazi mtengenezaji au kampuni ya bima yenye leseni kuwa ndiye mlipaji.

Utaratibu wa madai nao una gharama zake. Karibu mikataba yote hutaka kibali kabla fundi hajagusa kitu. Ukitengeneza kwanza ukaomba baadaye, hulipwi. Uliza ni nani anayelipia kazi ya kufungua injini ikigundulika kwamba tatizo halimo, je, mchango wako (sehemu ya gharama unayoilipa mwenyewe) hukatwa mara moja kwa kila ziara ya gereji au kwa kila kifaa, na je, kuna kikomo cha malipo ya fundi kwa saa, maana kikomo kikiwa chini ya bei ya gereji unayoitumia, tofauti utaitoa wewe. Risiti za sevisi uzitunze zote, zikionyesha tarehe na kilomita. Kuhusu kulazimishwa kutumia gereji ya chapa ya gari, sheria hutofautiana: nchini Marekani, kwa mfano, sheria ya mwaka 1975 inamzuia mtengenezaji kufungamanisha waranti yake na vipuri au huduma ya chapa fulani isipokuwa anazitoa bure. Mkataba wa nyongeza, hata hivyo, una masharti yake, nayo yasomwe peke yake.

Ikiwa una akiba ya kutosha kulipia tengenezo moja kubwa bila kuyumba, na gari ni la aina inayosifiwa na mafundi kwa uimara, ningeweka fedha hiyo kando kila mwezi. Ikiwa tengenezo moja kubwa litakulaza bila gari, nyongeza ina maana, lakini iwe ile inayoanza baada ya ya kiwandani. Kwa vyovyote vile, mwezi mmoja kabla waranti ya kiwandani haijakoma, mpe fundi asiyehusika na muuzaji alikague gari lote, ili kila kasoro itakayoonekana iingizwe kwenye madai ambayo bado ni ya bure.

SWALI: Nina waranti ya nyongeza, nami nimeanza kubeba abiria kwa malipo siku za mapumziko. Je, ni lazima niwaarifu waliotoa waranti hiyo?

JIBU: Ndiyo, tena kwa maandishi. Mikataba mingi ya gari binafsi huondoa matumizi ya biashara, hata ya siku mbili kwa wiki, na ukinyamaza unawapa sababu ya kukataa hata madai yasiyohusiana na kazi hiyo. Wakikubali kwa malipo ya ziada, dai kiambatisho cha mkataba, si ahadi ya simu. Wakikataa, ulizia kuuvunja mkataba na kurejeshewa sehemu ya muda usiotumika, ambayo mikataba mingi huiruhusu baada ya kukata ada na madai yaliyolipwa. Na kama uliilipia kwa mkopo, tarajia kwamba fedha hiyo itapelekwa kwanza kwa mkopeshaji ili kupunguza deni.