Zuhura, usikubali drum zikatwe

Mwanangu Zuhura,

Ujumbe wako niliusoma baada ya Isha. Unasema drum za breki za nyuma za Land Rover Series III ya babu yako zimegoma kutoka, nyundo haijasaidia kitu, na fundi wa hapo Likoni anataka kuzikata kwa gesi. Waniuliza umwachie? Usimwachie. Moto utaunguza sili na grisi ya beringi, na habu, kile kitovu cha gurudumu, nayo ikikatwa hutaipata kirahisi. Ningevuka feri nije mwenyewe, ila goti bado halijakubali.

Kwanza gari litulie. Hendibreki ya Series III haishiki magurudumu ya nyuma. Inashika propela shafti, ile fimbo inayopeleka nguvu kwenye ekseli ya nyuma, pale nyuma ya gia boksi. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, difu, zile gia za katikati ya ekseli, huliacha lizunguke, na gari linaweza kubiringika hata hendibreki ikiwa imevutwa mpaka juu. Tia kabari magurudumu ya mbele pande zote mbili, na stendi chini ya ekseli. Usiiamini jeki peke yake, mama.

Sasa weka gia nyutro, shusha hendibreki, uzungushe drum kwa mkono. Ikizunguka vizuri, kutu imeuma katikati, pale drum inapokaa kwenye habu. Ikikataa kabisa, breki shuu, vile vipande vya ndani vinavyoibana drum, zimegandana nayo. Ikisogea nje kidogo kisha ikakwama, ujue ukingo wa ndani umebaki juu pale ambapo breki shuu zimeshachonga, na ndio unaozizuia.

Kwa hayo mawili ya breki shuu, nenda nyuma ya sahani inayoshika breki shuu. Kuna kichwa cha bolti chenye pembe sita, ndiyo ajasta ya kusogeza breki shuu. Isugue kwa brashi ya waya, itie oili, kisha uilegeze taratibu ili breki shuu zirudi ndani. Ukiilazimisha itakatika.

Ikiwa ni habu, hakikisha skrubu zote tatu zimetoka. Matope na rangi hujaza vichwa vyake hata ukadhani ni moja tu. Tumia bisibisi ya kugonga, ile inayozungusha skrubu ukiipiga nyundo. Kwaruza kutu kuzunguka habu, mimina oili ya kulegeza, uiache mpaka kesho. Hapo kwenu chumvi ya bahari haina huruma. Kisha weka kipande cha mbao usoni mwa drum, katikati ya bolti za gurudumu, ugonge huku ukizungusha. Usiguse ukingo: ni chuma cha kalibu, hupasuka. Na tazama, drum nyingine zina tundu lenye nyuzi za skrubu. Ukiliona, kaza skrubu humo, itaisukuma drum yenyewe.

Vumbi la ndani usilipulize, wala kwa kompresa. Laini za zamani, yaani bitana za breki shuu, zilikuwa na asbesto, na vumbi lake hudhuru mapafu. Lilowanishe, ulifute kwa kitambaa na ukitupe.

Ikitoka, nipigie picha ya ukingo na silinda ya breki kabla hujanunua chochote.

Babako