Sweta Nililolifuma kwa Mapenzi, Mbona Silivai?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Ninalo sweta la sufu la rangi ya buluu nzito, nililolifuma mwenyewe nilipokuwa nikingoja kujifungua mtoto wangu wa kwanza. Nilikuwa nimeagizwa nipumzike, basi kila jioni nilikaa na sindano zangu mbili, na mume wangu alinishikia fungu la uzi kwa mikono yote miwili ili nilizungushe liwe donge. Nakumbuka hata mahali nilipokuwa nimefika katika mkono wa kushoto siku mtoto alipoanza kucheza tumboni. Mtoto huyo sasa ni mtu mzima, lakini sweta lenyewe nimelivaa mara chache mno, kwa sababu ni zito na linaniwasha shingoni. Binti yangu ananishauri nilifumue na kuutumia uzi kwa kitu kingine, au nimpe mtu anayelihitaji. Je, ni ujinga kuendelea kutunza nguo isiyovaliwa?
Mfumaji

JIBU: Marahaba, mwanangu. Sioni ujinga wowote hapo. Kumbukumbu za nguo ya kununua huanza siku tunayoivaa, ilhali sweta la kufumwa kwa mkono huwa na historia ndefu kabla hata halijapita kichwani, maana sweta la mtu mzima lina makumi ya maelfu ya vitanzi na kila kimoja kimepita vidoleni mwako. Kazi ya mikono inayojirudia huiacha akili huru kuwaza na kusikiliza, na ndiyo sababu hukusahau ule mkono wa kushoto. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya faida ya sweta hilo uliipata kabla ya kufunga kitanzi cha mwisho.

Hata hivyo, huenda hulivai kwa sababu inayorekebishika. Kuwashwa si lazima kuwe mzio. Ncha za manyoya mazito, hasa yanayozidi unene wa takriban maikroni 30 (maikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita), hazipindi zinapogusa ngozi bali huichoma, ilhali sufu laini ya kondoo wa merino, ambayo kwa kawaida haifiki maikroni 24, hupinda na haisumbui sana. Unyoya huwezi kuubadilisha, lakini unaweza kuuweka mbali na ngozi kwa kuvaa ndani shati la pamba lenye ukosi. Tena, kama ulilifuma kutoka chini kwenda juu, ukingo wa shingo ndio uliomalizia, kwa hiyo unaweza kuufumua peke yake na kuufuma upya kwa uzi laini, bila kugusa kifua wala mikono.

Kuhusu kulifumua lote, binti yako anasema jambo linalowezekana: uzi wa sufu uliofumuliwa, ukafungwa mafungu, ukaoshwa na kuanikwa, hunyooka na kufaa tena. Mimi lakini nisingelifumua, kwani uzi wa kufumia kitu kingine unapatikana kwingineko. Kumpa mtu ni jambo jema pia, ila mpe anayejua kulifua, maana sufu ikitiwa katika maji ya moto na kusuguliwa, magamba madogo ya manyoya yake hushikana na sweta husinyaa lisirudi tena, kisha aliyetoa na aliyepewa wote wakabaki na huzuni.

Ninalokukataza ni kuliacha kabatini bila kuguswa mwaka baada ya mwaka. Hatari yake ni nondo, ingawa nondo aliyekomaa hali sufu. Wanaoila ni viwavi wake, nao hustawi mahali penye giza pasiposumbuliwa, hasa kwenye nguo yenye jasho au madoa ya chakula. Basi lifue kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali, ulifinye ndani ya taulo badala ya kulisokota, na ulilaze likauke. Likikauka likunje, wala usilitundike, kwa sababu uzito wake utayavuta mabega, kisha uliweke katika mfuko uliofungwa vizuri. Ukiona matundu, lifunge katika mfuko wa plastiki na uliweke katika friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, ili viwavi na mayai yafe.

Kila baada ya miezi michache litoe, ulikung'ute na kulipeperusha, na ukipenda livae jioni hiyo juu ya shati lako. Na kama lipo donge la uzi lililosalia, litunze pamoja nalo: uzi wa jina lilelile la rangi, ukiwa umetiwa rangi kwa mkupuo mwingine, hutofautiana kidogo, na siku kiwiko kitakapotoboka utahitaji ule ule wa kwanza kukiziba.