"Kinga ya kienyeji" ya jicho?

Swali: Msomaji wetu wa Langoni, Lamu, anatafsiri kipeperushi cha zahanati kuhusu maambukizi ya bakteria machoni. Ameandika: "Jicho likiingiwa na bakteria, kinga ya kienyeji huanza kupambana, ndipo utaona tongo." Mwenzake alicheka. Anauliza kosa liko wapi.

Jibu: Alicheka kwa haki. Kienyeji ni cha wenyeji: kuku wa kienyeji, dawa ya kienyeji. Atakayesoma hivyo atadhani kuna majani ya kukamuliwa jichoni, na macho ya watu yataumia kwa sababu ya kivumishi. Unachokusudia ni kinga ifanyayo kazi palepale penye ugonjwa, na Kiswahili kina -ni ya mahali kwa shughuli hiyo. Andika "kinga ya jichoni".

Tena -ni hiyo ina ukweli ndani yake. Konea, ule utando angavu wa mbele, haina mishipa ya damu. Hutegemea sana machozi. Humo mna lisozimu, kimeng'enya kinachobomoa kuta za baadhi ya bakteria, ambacho Alexander Fleming alikitangaza mwaka 1922, kabla hajaigundua penisilini. Mna pia kingamwili, yaani protini za kupambana na vijidudu, zinazotengenezwa kwenye tezi za machozi zenyewe. Kingamwili, lakini, ni hizo protini tu. Mfumo mzima ni kinga. Magazeti huchanganya kila siku, wewe usiyafuate.

Bakteria wakishinda ulinzi huo, mishipa ya kando hutanuka, jicho likawa jekundu, na seli nyeupe za damu zikamiminika. Zikifa kwa wingi pamoja na bakteria, huo ndio usaha. Basi "tongo" nalo liondoe: hata mwenye afya huamka na tongo asubuhi, akanawa, akaenda zake. Isitoshe, Mwamu, mtu wa Lamu, asemaye mato kwa macho na matozi kwa machozi anaweza kulisikia tongo akaelewa chongo, nawe utakuwa umemtisha bure.

Kichwa cha kipeperushi mimi ningekiandika kwa Kiamu, "Tunza mato yako", hata mhariri akinuna. Sentensi yenyewe iwe: "Jicho likiingiwa na bakteria, kinga ya jichoni huanza kupambana. Likitoa usaha, likiuma au ukianza kuona ukungu, njoo zahanati siku hiyohiyo, wala usilitie kitu."