Kemshafti na springi za injini ya tabo

Kaka, umeuliza uweke kemshafti (mhimili unaofungua valvu, yaani milango ya hewa na moshi ya injini) kali kiasi gani kwenye Subaru yako ya tabo (feni inayozungushwa na moshi ili isukume hewa zaidi kwenye injini). Usichukue ya injini isiyo na tabo: huacha valvu za kuingiza na za kutoa wazi pamoja muda mrefu, moshi wenye presha unarudi ndani na tabo inachelewa kuamka. Arusha hewa ni nyepesi, karibu mita 1,400 juu ya bahari, kwa hiyo mlimani utaumia zaidi.

Springi zinazofunga valvu ndizo nakusihi usizipuuze. Presha ya tabo ya bar 1 mgongoni mwa valvu ya kuingiza ya milimita 36 inaisukuma ifunguke kwa karibu kilo 10! Springi iliyochoka haiwezi kuishikilia. Mwambie fundi apime nguvu ya springi moja moja, na valvu ikifunguka hadi mwisho, mizunguko ya springi isigusane.