Mwalimu, "turn down" maana yake nini? Maswali yenu ya misemo ya Kiingereza

Wiki hii maswali yamekuja mengi na karibu yote yanahusu misemo ya Kiingereza na zile verbu za maneno mawili mawili, turn down, put off, look after na ndugu zake. Najibu machache, yanayofanana nimeyaunganisha.

Shikamoo mwalimu. Niko form six Mwanza, nimekariri misemo kama mia mbili lakini nikiangalia muvi sisikii hata mmoja. "It's raining cats and dogs" mbona hawaisemi?

Marahaba mwanangu. Hawaisemi manake imechuja. Mwandishi wa zamani Jonathan Swift aliiandika 1738 kwenye kitabu cha kuwacheka watu wa mjini wanaorudia misemo ile ile kila siku, yani enzi hizo tayari ilishachoka! Leo mvua ikinyesha sana wanasema "it's pouring", basi. Shika zile utakazosikia kila siku: "hang on" yani subiri kidogo, "I'm running late" nachelewa, "figure it out" ling'amue mwenyewe, "it's up to you" ni juu yako, na hiyo ya mwisho angalia inavyofanana na ya kwetu, huwezi kuisahau.

"Turn" naijua, "down" naijua, zikikaa pamoja nachanganyikiwa. Kuna kanuni? (Dodoma)

Hili swali naomba nilijibu kwa kirefu manake linaniuma.

Kuna binti jirani yangu aliomba kazi sehemu, wakamjibu kwa imeili. Alikuja kwangu jioni na simu yake ya kioo kilichopasuka, akanionyesha sentensi ambayo nadhani alishaisoma mara kumi, kwamba kampuni "has decided to turn down your application". Yeye alielewa wameiweka chini, yani wameipokea ipo mezani inasubiri zamu, na alikua ameshasubiri kupigiwa simu wiki nzima. Ilibidi nimwambie kwamba wamemkataa. Siku hiyo nilijua hii sio mambo ya mtihani tu, mtu anapoteza wiki yake, na huko kwingine nafasi zinajazwa.

Sasa kanuni. Jiulize wewe Kiswahili ulijifunzaje "piga". Tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga deki, tunapiga picha, tunapiga chafya, na hakuna anayepigwa hapo. Mtoto wa miaka mitano anazijua zote na hakuna aliyemfundisha kwamba piga ukijumlisha na deki unapata kusafisha sakafu, alimuona mama ameinama na ndoo na tambara akasikia neno, likakaa. "Turn down" nayo ichukue nzima nzima ivo ivo pamoja na mahali ulipoisikia. Kwenye daftari usiandike "turn down = kataa", andika sentensi yote: "They turned down my application", na chini yake "Turn down the music, mtoto kalala", manake ndo hiyo hiyo, ila hapo ni kupunguza sauti. Tatu kwa wiki zinatosha kabisa, kuliko hamsini za kukariri usiku mmoja.

Ila kuna vipande vina tabia unayoweza kuishika. "Up" mara nyingi inamaanisha mpaka iishe: "eat up" kula chote, "use up" tumia mpaka iishe, "fill up" ndo ile ya sheli, jaza tanki. Sio kila mahali lakini inasaidia.

Ni "turn off it" au "turn it off"?

"Turn it off." Ukitumia it, him, them, inaingia katikati. Ukitaja kitu chenyewe, "turn off the light" au "turn the light off", zote sawa. Lakini "look after", yani kutunza, haikatwi, ni "look after him" daima. Hizi za kukatwa na zisizokatwa utazijua kwa kusikia, ndo maana nasisitiza sentensi nzima.

Kwenye barua niandike "looking forward to hear from you"?

Hapana, "looking forward to hearing from you", yani nasubiri kwa hamu jibu lako. Na "cope up with" ifute kabisa, ni "cope with", yani kumudu jambo.

Niko Nairobi, bosi wetu ni Mmarekani. Nilisema "let's table this report today" nikimaanisha tuijadili leo, akasema sawa, akaiacha. Kosa langu?

Sio kosa lako wala lake, pole sana. Kwa Waingereza "to table" ni kuleta jambo lijadiliwe, hata bungeni kwetu Dodoma kuna hati za kuwasilisha mezani, ni maana hiyo hiyo. Kwa Wamarekani ni kuliweka pembeni. Churchill, waziri mkuu wa Uingereza enzi za vita, ameandika kwenye kumbukumbu zake za Vita vya Pili vya Dunia kwamba maofisa wa Uingereza na Marekani walibishana muda mrefu kikaoni kwa sababu ya neno hilo, mpaka wakagundua wote wanataka kitu kimoja. Mwambie tu "let's discuss it today".

"Pass out" na "pass away"?

"Pass out" ni kuzimia, pia kuhitimu mafunzo ya jeshi au polisi. "Pass away" ni kufariki. Kwenye simu ya kutoka hospitali tafadhali usizichanganye.

Mume wangu ni dereva Doha, amepata familia inayoongea Kiingereza tu. Aanze na zipi?

Dada, huyo aanze na za barabarani, zingine zitakuja. "Pick up" kuchukua mtu, "drop off" kushusha, na amalizie hizo up na off manake sisi huku tumezoea "pick me saa kumi" na wao inawasumbua kidogo. "Pull over" ni paki pembeni, akiisikia kwa polisi asimamishe gari pembeni mara moja. "Slow down" punguza mwendo. "Back up" rudi rivasi. Mrekodie voisi noti, useme neno halafu sentensi yake, asikilize akiwa amepaki anawasubiri watoto shule.