Maswali na Majibu: Kununua Fleti ya Zamani Mjini Kobe, Japani

Jengo lilikamilika mwaka 1982, na dalali ananihakikishia kuwa limefuata kanuni mpya za ujenzi wa kuhimili matetemeko ya ardhi. Je, hilo linatosha?

Halitoshi. Kanuni hizo zilianza kutumika tarehe 1 Juni 1981, na kinachozingatiwa ni siku ambayo michoro iliidhinishwa, wala si siku ambayo wakazi walikabidhiwa funguo. Kwa kuwa ujenzi wa ghorofa kubwa huchukua mwaka na zaidi, jengo la 1982 laweza kabisa kuwa liliidhinishwa chini ya kanuni za zamani. Omba hati inayoonesha tarehe ya idhini. Kobe inaijua tofauti hiyo, kwani tetemeko la tarehe 17 Januari 1995 liliyaumiza zaidi majengo yaliyotangulia kanuni hizo. Hata hivyo, jengo la zamani lililopimwa na wahandisi na kuimarishwa halistahili kukataliwa kwa sababu ya umri wake tu.

Nimepata fleti ambayo mchango wake wa matengenezo kwa mwezi ni mdogo sana. Hiyo si bahati?

Mimi ningeingiwa na wasiwasi. Kila mwenye fleti hulipa ada mbili: moja ya uendeshaji wa kila siku, kama vile usafi na lifti, na nyingine ya akiba ya matengenezo makubwa, ambayo kwa kawaida hufanyika kila baada ya miaka 12 hadi 15. Mchango ukiwa mdogo kwa miaka mingi, zamu ya kupaka rangi kuta za nje, kuziba paa na kubadilisha mabomba hufika mfuko ukiwa mtupu, na hapo umoja wa wamiliki, yaani kanri kumiai, hulazimika kukopa, kupandisha mchango au kumtoza kila mmoja fedha nyingi kwa mkupuo. Kwa hiyo, kabla ya kuvutiwa na jiko jipya, omba mpango wa matengenezo wa muda mrefu, salio la akiba na kumbukumbu za mikutano ya wamiliki. Uliza pia kama muuzaji ana malimbikizo ya ada, kwa sababu sheria inauruhusu umoja kumdai mnunuzi deni hilo. Kwa fleti kuukuu, makabrasha haya yana uzito kuliko mandhari ya bahari.

Naweza kung'oa tatami, yaani mikeka ya Kijapani ya sakafuni, kuweka sakafu ya mbao na kubadilisha madirisha?

Sakafu mara nyingi huhitaji kibali cha umoja, kwa ajili ya kelele zinazomfikia jirani wa chini. Madirisha, sura ya nje ya mlango na hata baraza ni mali ya wote, usiviguse.

Je, kununua kutanipatia kibali cha ukaazi?

Hapana. Mgeni anaruhusiwa kumiliki, lakini umiliki haumpi haki ya kuishi Japani.

Nimelipa arubuni, sasa nataka kujitoa.

Ikiwa muuzaji bado hajaanza kutekeleza wajibu wake, unaweza kujitoa kwa kuiacha arubuni. Muuzaji akijitoa, atakulipa mara mbili ya arubuni hiyo. Mikataba mingi ina pia sharti linalomrejeshea mnunuzi arubuni yote iwapo benki itamnyima mkopo, ila sharti hilo lina tarehe ya mwisho, na ikishapita ulinzi huo hukoma.